Kulala Stamford: anza na tarehe, kisha mtaa, hoteli iwe ya mwisho

Watu wanaponipigia kuniuliza walale wapi Stamford, huwa tayari wameshafungua simu wanaangalia picha za vitanda. Nawaambia wazifunge kwanza. Nimefanya kazi ya kutandika vitanda vya hoteli huku Uingereza mpaka nikawa msimamizi wa wahudumu wa vyumba, na ninaishi Peterborough, kama robo saa kwa treni kutoka Stamford. Picha ya kitanda haina inachokwambia. Kitanda tunakitandika sisi, na tunajua kukipendezesha hata kama godoro limechoka. Kitakachoamua ulale au ukeshe ni tarehe uliyokwenda, mtaa uliofikia na chumba ulichopewa ndani ya jengo. Jina la hoteli linakuja baada ya hayo.

Stamford uko kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Lincolnshire. Ni mji wa soko wenye watu wapatao 20,000, na mto Welland unapita katikati. Karibu kila nyumba ya mjini kati ni ya mawe ya chokaa yaliyochimbwa vijiji vya jirani kama Ketton na Barnack, na mapaa mengi yameezekwa kwa vigae vya mawe vya Collyweston. Mwaka 1967 mji huu ulikuwa wa kwanza Uingereza kutangazwa eneo la hifadhi ya majengo ya kale, na majengo yake yaliyoorodheshwa kisheria yanapita 600. Usiyaruke maelezo haya ukidhani ni ya watalii tu. Mbele utaona kwamba ndiyo yanayoamua kama jengo lako lina lifti, na kama dirisha lako linazuia kelele.

Tarehe

Kuna majuma mawili katika mwaka ambayo simshauri mtu aende Stamford kulala, isipokuwa kama hicho kinachofanyika ndicho alichokifuata.

La kwanza ni la mashindano ya farasi ya Burghley, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Yamekuwepo tangu 1961, na yanafanyika kwenye viwanja vya Burghley House, jumba la karne ya 16 lililo nje kidogo tu ya mji. Wapenzi wa farasi wanaondoka Jumapili na kuweka nafasi ya mwaka unaofuata hapo hapo mapokezi. Ukiingia mtandaoni Julai kutafuta chumba cha siku hizo, kilichobaki ni kile ambacho kila mtu amekikataa, tena kwa bei ya juu.

La pili ni la Mid-Lent Fair. Hili huanza Jumatatu inayofuata Mothering Sunday, yaani Siku ya Mama ya Waingereza, ambayo huangukia Machi au mwanzoni mwa Aprili. Angalia kalenda ya huku, maana wengi tunaijua Siku ya Mama ya Mei. Wiki nzima mabembea, magari ya kugongana, taa na muziki vinajaa Broad Street, Sheep Market na mitaa ya jirani. Ukiwa na watoto ni raha tupu. Kama umekuja kupumzika na dirisha lako linatazama Broad Street, pole.

Ijumaa ni siku ya soko. Mwenyewe napenda kulala Alhamisi usiku ili asubuhi niwe sokoni kabla treni hazijashusha watu, wakati jibini na samaki havijachaguliwa na muuza maua bado ana muda wa kuzungumza. Lakini elewa kwamba wenye vibanda huanza kazi kabla hujaamka. Vibanda ni vya vyuma na maturubai, na vyuma vinateremshwa kwenye gari kimoja kimoja. Kila kimoja kikigusa lami kinalia, na mitaa ile ya mawe inarudisha mlio. Alhamisi usiku, basi, omba chumba cha nyuma.

Jumamosi ndiyo ghali. Kuna harusi, na nyumba ndogo nyingi hazikubali mgeni wa usiku mmoja wikendi, zinataka mbili. Jumapili usiku bei hushuka sana, lakini kuna mtego: majiko mengi ya baa hufungwa jioni hiyo baada ya kuuza nyama choma ya oveni mchana kutwa. Ukifika Jumapili saa mbili usiku na njaa, unaweza kuishia kula biskuti zilizo pembeni ya birika chumbani. Kula mchana, au nunua kitu kabla, na kumbuka maduka makubwa huku Jumapili yanaruhusiwa kufungua kwa muda wa saa sita tu.

Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na mwanga unakaa mpaka baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo uliza habari ya mapazia. Desemba ni kinyume chake: saa kumi jioni giza limeshaingia, na ndipo utakapojua thamani ya hita.

Mtaa

Mto unaugawa mji, na mgeni ajue kwanza anafikia upande gani.

Stesheni ya treni iko kusini mwa mto. Mjini kati ni kaskazini. Kati yao kuna Meadows, uwanja wa nyasi wenye njia na vidaraja vya kupita kwa miguu. Kutoka stesheni mpaka katikati ni mwendo wa kama dakika kumi. Njia ya Meadows ni tambarare na inafaa sanduku la magurudumu. Ukishavuka ndipo kilima kinaanza, na sanduku zito linaanza kukukumbusha ulichopakia. Mvua zikizidi, maji ya Welland hupanda yakafunika nyasi. Siku hizo zunguka kwa Town Bridge.

Upande wa kusini mtaa mkuu ni St Martin's. Hii ndiyo iliyokuwa Great North Road, barabara ya London kwenda York na Edinburgh. Magari ya farasi yalipita humu, na baadaye malori yalipita humu humu, mpaka barabara hiyo kuu, inayoitwa sasa A1, ilipotolewa nje ya mji mwaka 1960. Ndiyo sababu nyumba za wageni za zamani zimejipanga hapa: The George chini karibu na daraja, halafu ukipanda kilima unakutana na Bull and Swan na William Cecil. Faida ya kulala upande huu ni kwamba uko karibu na stesheni na karibu na viwanja vya Burghley, ambako unaweza kutembea bure kati ya swala wa Kizungu asubuhi. Hasara ni kwamba mtaa bado ni barabara ya magari, na kila gari linalopanda kilima hubadilisha gia chini ya dirisha lako. Chumba kinachotazama uani kinamaliza tatizo hilo kabisa.

Kaskazini, moyo wa mji ni Red Lion Square na All Saints' Place, ambapo ipo Crown Hotel, jengo la mawe linalotazamana na kanisa la All Saints. Hapa ukitoka mlangoni tu umeshafika: maduka ya High Street, mikahawa, soko, basi. Kwa anayekuja mara ya kwanza na ana usiku mmoja, ningemweka hapa. Ajue tu kwamba Ijumaa na Jumamosi usiku watu hutoka baa wakiongea kwa sauti, na Jumapili asubuhi kengele zinaita. Mji una makanisa matano ya zama za kati yaliyobaki, kwa hiyo kengele ukizikwepa hapa utazikuta kule.

Ukitaka kimya, panda Barn Hill, nyuma ya All Saints. Ni mtaa mfupi wa nyumba ndefu za karne ya 18, na jioni unasikia viatu vyako mwenyewe. Nyumba za kulala na chai ya asubuhi, zile ambazo bango lao huandika B&B, na nyumba za kupanga kwa siku utazipata mitaa ya namna hii, pembezoni mwa mjini kati. Mimi nikiachiwa nichague peke yangu nachagua huku, chumba cha nyuma, na natembea dakika tano kwenda kula.

Wenye gari: mitaa ya ndani ilijengwa kabla ya gari, na sehemu kubwa ya maegesho ya barabarani ni ya wakazi wenye vibali au ni ya muda mfupi. Uliza kama nyumba ina pa kuegesha pake yenyewe. Kama haina, kuna maegesho ya kulipia ya Cattle Market karibu na stesheni, Bath Row kando ya mto, na Wharf Road. Shusha mizigo mlangoni kwanza, ndipo ukaegeshe.

Jengo la zamani na chumba chako ndani yake

Sasa turudi kwenye yale majengo 600. Jengo lililoorodheshwa linalindwa na sheria ya mwaka 1990, na kulibadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi akang'oa dirisha la karne ya 18 aweke la vioo viwili, wala hawezi kutoboa sakafu tatu apitishe lifti. Kwa hiyo Stamford utakuta madirisha ya kupandisha na kushusha yenye kioo kimoja, ngazi zinazopinda, sakafu zinazolalia upande mmoja, na maboriti yanayokungoja kichwani. Hayo si uzembe wa mwenye hoteli. Ila ni juu yako kuuliza kabla.

Mama mkwe wangu ana magoti. Nilipokuwa namtafutia chumba nilimuuliza, "Mama, ngazi kumi na mbili utaziweza?" Akanijibu, "Mwanangu, kupanda nitapanda. Niulize habari ya kushuka." Na ni kweli: ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na zina mwinuko mkali, na mkono wa kushikilia mara nyingi uko upande mmoja tu. Kwa mzee, uliza ngazi ni ngapi tangu barabarani mpaka kitandani, pamoja na zile mbili tatu zinazotokea katikati ya korido bila sababu. Ukiambiwa chumba kiko ghorofa ya kwanza, elewa kwamba kwa hesabu ya Waingereza utapanda.

Mgeni maarufu kuliko wote katika historia ya mji huu aliomba chumba cha chini. Daniel Lambert, aliyekuwa mlinzi wa jela Leicester, alifika Stamford Juni 1809 wakati wa mbio za farasi, akafikia nyumba ya wageni ya Waggon and Horses kwenye chumba cha chini kwa sababu ngazi zilikuwa zimeshamshinda. Alikuwa na uzito wa kama kilo 335. Akafariki humo humo, akiwa na umri wa miaka 39, na ikabidi dirisha na ukuta vibomolewe ili jeneza litoke. Amezikwa makaburi ya kanisa la St Martin's, na picha yake imetundikwa The George. Huwa nawasimulia wanaoona haya kuomba chumba cha chini.

Mengine ya kuuliza, na uulize kwa simu: Chumba kinatazama barabara au ua? Kiko juu ya baa au juu ya jiko? Bafu liko ndani ya chumba, au ni lako peke yako lakini liko ng'ambo ya korido? Hilo la mwisho linawakuta wengi, wanajikuta wakitembea na taulo saa moja asubuhi wakisalimiana na wageni wengine. Uliza pia kama kuna shawa au beseni tu. Majengo mengine darini hayana kimo cha mtu kusimama akaoga.

Ninasisitiza simu kwa sababu najua vyumba vinavyogawiwa. Kila hoteli ina chumba kinachotolewa mwisho. Ni kile kilicho juu ya feni ya jikoni, au kile kilichopakana na stoo ya mashuka ambako sisi tunaanza kupiga milango mapema asubuhi. Hakipigwi picha. Anakipata aliyelipia bei ya chini kabisa kupitia programu ya simu, hakusema lolote, na akafika usiku. Ukipiga simu ukasema una mtoto mchanga, au magoti, au usingizi mwepesi, neno hilo linaandikwa kwenye nafasi yako. Vyumba hugawiwa asubuhi ya siku yenyewe, kwa hiyo ukipenda piga tena kabla ya saa nne asubuhi, kwa adabu, kukumbusha. Wakati mwingine hata bei ya simu huwa nafuu, kwa kuwa mwenye nyumba hamlipi dalali wa mtandaoni.

Ukishakabidhiwa ufunguo, usifungue sanduku. Fungulia maji ya moto uyaache yatiririke. Mabomba ya nyumba hizi ni marefu na maji huchukua muda, lakini yasipopata moto kabisa ujue mapema. Gusa hita, zungusha kitufe chake uone kama kinazunguka au kimegandishwa na rangi. Pandisha dirisha, lishushe. Inua kona ya shuka uangalie mshono wa godoro. Fungua kabati uone kama kuna blanketi la ziada rafu ya juu, maana usiku wa kioo kimoja una baridi yake hata Mei. Lala kitandani na viatu vikiwa sakafuni, unyamaze dakika moja, usikilize. Kama kuna kinachonguruma, kitanguruma mpaka asubuhi.

Kama chumba hakifai, shuka sasa hivi. Chumba ambacho mgeni hajakigusa mapokezi wanaweza kumpa mwingine baada ya dakika tano. Ukishaoga na kukaa kitandani, kukubadilishia maana yake ni kumtafuta mhudumu akisafishe upya, na saa kumi na mbili jioni wengi wetu tumeshakwenda nyumbani.

Aina za malazi, na ninavyoziona

The George ndiyo itakayotajwa kwanza na kila mtu. Boriti lenye jina lake limevuka barabara nzima kutoka upande hadi upande, mfano wa mti wa kunyongea. Husemwa lilikuwa salamu kwa msafiri mwema na onyo kwa mnyang'anyi wa barabarani. Ukiingia utaona mlango mmoja umeandikwa London na mwingine York: vyumba vya kungojea vya abiria wa magari ya farasi, kila mmoja kwa upande anaoelekea. Ukiwa na sherehe, anivasari au wazazi waliokuja kutoka mbali, lala hapa usiku mmoja. Tayarisha zaidi ya paundi 200. Kama bajeti haifiki, usihuzunike: kunywa chai uani kunaruhusiwa kwa asiyelala, na utayaona karibu yote yanayotazamwa.

Baa zenye vyumba juu ni za mtu mwepesi wa usingizi kuziepuka na mtu mcheshi kuzipenda. Chakula kiko chini, watu wako chini, na kelele pia ziko chini mpaka baa ifungwe. Uliza inafunga saa ngapi na kama Jumamosi kuna muziki.

B&B ni nyumba ya mtu. Ana vyumba vichache, anapika mwenyewe asubuhi, na anajua ni lini basi halitakuja. Mimi nazipenda, ila zina utaratibu wake: mara nyingi utaambiwa uingie kuanzia saa kumi jioni, na ukichelewa umpigie, kwa sababu hana mtu wa zamu mapokezi, ni yeye, na huenda ametoka kumpeleka mbwa matembezi. Nyota za B&B hupimwa kwa kipimo chao wenyewe tofauti na cha hoteli, kwa hiyo nyota nne za huku zisilinganishwe na nne za kule.

Familia ya watu watano au sita, chukueni nyumba ya kupanga. Mtapika, mtafua, watoto watalala mapema. Soma bei mpaka mwisho, kwa sababu ada ya usafi huongezwa chini kabisa, na uangalie kama ngazi zina geti la mtoto.

Na kuna njia ambayo watu wa Stamford hawatakwambia: lala Peterborough. Kuna hoteli za makampuni makubwa zenye lifti, vioo viwili na bei ya kueleweka, na treni ya Stamford huenda karibu kila saa. Kutoka London King's Cross treni ya haraka inafika Peterborough kwa kama dakika hamsini, na hapo unabadilisha. Anayetoka Leicester au Birmingham hahitaji kubadilisha. Njia hiyo hiyo inapita Melton Mowbray na Oakham hadi Stamford. Hasara ya kulala Peterborough ni kwamba unaukosa mji jioni, wageni wa mchana wakishaondoka na mawe yakiwa yamebaki na taa za barabarani. Kwangu hiyo ni hasara kubwa. Kwa wiki ya farasi ni hasara inayovumilika.

Mezani na mapokezi

Chai ya asubuhi ya Kiingereza ina nguruwe mara mbili au tatu kwenye sahani moja: bekoni, soseji, na ile soseji nyeusi ambayo hutengenezwa kwa damu. Kwa Mwislamu au mtu yeyote asiyekula, sema siku moja kabla, jioni, siyo umeshakaa mezani. Omba mayai, maharage, uyoga, nyanya na tosti, au samaki kama wanaye, na omba yakaangwe kwenye kikaango kingine. Wenye B&B wengi hufurahi kuambiwa mapema; kinachowaudhi ni kutupa chakula. Nyama ya halali usiitegemee Stamford, mji ni mdogo. Njoo Peterborough, ambako pia kuna misikiti. Kibla huku ni kusini-mashariki, na chumba kikiwa kidogo utalazimika kusogeza kiti.

Kuhusu pasipoti, watu hushtuka. Sheria ya tangu 1972 inaitaka kila nyumba ya kulaza wageni iandike jina na uraia wa kila mwenye miaka 16 na kuendelea. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, kwa mfano Kenya, Tanzania na Uganda, kisheria hawatakiwi zaidi ya hapo. Raia wa Burundi au Kongo huongezea namba ya pasipoti na mahali anapokwenda baada ya hapo. Ila mapokezi wengi humwomba kila mtu pasipoti kwa mazoea au kuthibitisha kadi, kwa hiyo iwe karibu, na usidhani umeshukiwa.

Bei unayoonyeshwa ina kodi ndani yake. Lipa kwa kadi, na uliza kama watazuia fedha za dhamana kwenye kadi, maana hurudi baada ya siku kadhaa na wewe unazihesabu kwenye safari. Ile bei ya chini isiyorudishwa ukighairi inunue tu kama viza na tiketi tayari viko mkononi. Plagi za huku ni za pini tatu zile zile tunazozijua, lakini bafuni hakuna pa kuchomeka pasi wala drayo. Kuna kitundu cha mashine ya kunyolea tu.

Siku ya kuondoka utatakiwa utoke saa nne au saa tano asubuhi. Stesheni ya Stamford haina stoo ya mizigo, kwa hiyo omba mapokezi wakuwekee sanduku mpaka wakati wa treni, kisha nenda Burghley. Nyumba ile ilijengwa kati ya 1555 na 1587 na William Cecil, mweka hazina wa Malkia Elizabeth I, na ukipita njiani kanisa la St Martin's utaliona kaburi lake.

Bakshishi ya mhudumu wa chumba si lazima huku, na hakuna atakayekununia. Ukitaka kuacha, acha na kipande cha karatasi kilichoandikwa kuwa ni yake. Pesa iliyoachwa mezani bila karatasi, kwetu kazini tuliipeleka mapokezi ikaandikwa kwenye daftari la vitu vilivyosahauliwa, na wewe ukapigiwa simu uje kuichukua.